Faili la Maziwa ya Mama

Tororo, 9 Mei 2025

Kwa mdogo wangu Swabur,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na kile kikohozi cha mvua kimekuachia. Sisi huku Alhamdulillahi. Baba goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua linanyamaza. Anakusalimu sana.

Salamu nimemaliza, sasa nikuulize. Nani alikutuma kusafisha kompyuta ya ofisi yangu ya ndoa hapa msikitini?

Usishangae kwamba nimeandika kwenye karatasi na kumpa Badiru aivushe na lori lake. Kwenye simu ungenikatiza kila neno, kama kawaida yako. Na tangu Jumanne sina imani tena na kitu chochote cha umeme.

Jumanne nilifungua ile programu ya ndoa uliyotutengenezea. Nikaona imetakata. Vyeti vya nikah vipo, fomu zipo, majina ya mashahidi yapo. Faili langu halipo. Nikatafuta mpaka adhuhuri. Nikampigia yule kijana wa Malaba anayetunza programu kwenye msikiti wao, akaniambia bila hata aibu, "Ah, Swabur aliingia kwa mtandao juzi kutoka Busia, akafagia."

Sasa nikueleze ulichofagia, kwa sababu najua hukukitazama. Wewe unajua Mama, Mungu amrehemu, alinyonyesha watoto wa watu. Alipokuwa akifanya usafi kwenye wodi ya wazazi, ile miaka ya ugonjwa, wanawake walikufa wakiacha vichanga, na yeye maziwa alikuwa nayo. Usilolijua ni kwamba aliandika. Kila mtoto jina, jina la mama yake, na mara ngapi alimnyonyesha akashiba. Majina sitini na moja. Aliandika kwa sababu aliyenyonya kwake mara tano ni mwanawe, na wanawe hawaoani. Watu wa Tororo na Busia wanachumbiana kila siku, na hakuna ofisi ya serikali inayojua nani alinyonya wapi. Alijua Mama peke yake. Kisha nilijua mimi, yaani lilijua faili langu.

Na wewe ndiye niliyekuuliza mwaka juzi: nikitaka kuweka kitu ambacho misikiti mingine haitakiona, nifanyeje? Ukanijibu kwamba nisikiingize tu kwenye mtunza matoleo, kwamba faili lisiloingizwa haliendi popote. Nilikutii. Nijibu haraka, na unijibu kama mtu.

Dada yako,
Rehemah


Busia, 14 Mei 2025

Kwa dada yangu Rehemah,

Waalaikum salaam. Barua yako imefika, Badiru aliniletea mpaka dukani. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Mpe Baba pole ya goti, nitamtumia ile dawa ya kuchua inayouzwa hapa sokoni.

Dada, pole sana kwa faili. Nimeumia kusikia ni kazi ya Mama. Lakini naomba tulitazame jambo hili bila hasira.

Mtunza matoleo ni programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko, ili mtu akiharibu leo aweze kurudi jana. Lakini anatunza alichoambiwa atunze. Faili ambalo hujaliandikisha kwake, yeye hana habari nalo. Kwenye ile folda yenu kulikuwa na takataka za kila namna: nakala za printa, picha za harusi, vipande vya programu nilivyoviacha mwenyewe. Nilipotaka kuweka toleo jipya vilikuwa vinanizuia. Ipo amri moja ya kuondoa kila ambacho hakikuandikishwa. Nikaitoa. Kila fundi anafanya hivyo. Ukitaka, kabla ya kufuta inakuonyesha orodha. Mimi sikuiomba orodha, hilo nakubali, lakini nani angedhani kwamba katikati ya takataka kuna kitu cha Mama?

Nilisema lisiloingizwa haliendi popote, na kweli halikutumwa popote. Sikusema halifutiki. Kwa kweli ulipaswa kuwa na nakala nyingine. Kikazi, Dada, sioni kosa ambalo mtu angeniwekea kidole.

Hata hivyo msiba si mkubwa. Chukua daftari la Mama uandike upya. Nitakuja mwisho wa mwezi nikusaidie kuchapa.

Mdogo wako,
Swabur


Tororo, 20 Mei 2025

Kwa Swabur,

Assalaam alaikum. Tu wazima. Dawa ya goti imefika, Baba anashukuru.

Daftari nilichoma.

Mama aliniamuru akiwa kitandani. Panya walikuwa wameshaanza kulila, na humo ndani kuna wanawake waliozaa kwa siri, wengine leo wamehiji wanaitwa hajjat. Akasema, "Andika ndani ya kompyuta palipofungwa, hili choma, nikuone." Nikalichoma jikoni kwa Baba, yeye ameketi kwenye godoro anatazama. Sikuweka nakala nyingine kwa sababu nilimwahidi itakuwa mahali pamoja tu. Sasa endelea kunifundisha kuhusu nakala.

Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara damu inanipanda. Unasema mtunza matoleo hana habari na faili langu. Vizuri. Basi kama hana habari nalo, analifutaje? Mimi nikikuta mzigo kwenye baraza ya msikiti na siujui ni wa nani, siutupi kwenye moto. Nauliza. Naweka pembeni. Kutoujua ndiyo sababu ya kuuacha.

Na tazama jinsi akili yake ilivyo kichwa chini miguu juu. Vile vyeti vya ndoa vilivyoandikishwa, hata ungevifuta leo, kesho angekurudishia. Umesema mwenyewe, anarudi jana. Hivyo ndivyo vingestahimili kufagiwa. Lakini kile asichoweza kukirudisha, ambacho kikitoka kimetoka moja kwa moja, hicho ndicho anakitupa kwa amri moja. Aliyetengeneza kitu kama hicho alikuwa anafikiria nini? Hana mama?

Na usije ukaniambia dawa yake ni kuandikisha kila kitu. Hapo ungechukua siri za wale wanawake ukazigawa Busia, Malaba na Tororo kwa siku moja. Kuna vitu vya nyumbani ambavyo si vya kutangaza, wala si takataka. Mbona hamna neno la vitu hivyo?

Jana alikuja mama mmoja kutoka Petta. Bintiye ameposwa, amesikia zamani kwamba bibi mmoja wa Tororo alimnyonyesha mposaji. Alikaa mbele yangu amefunika mdomo kwa mtandio, akaniuliza kwa sauti ndogo. Niliwahi kuwajibu wanawake kama huyo kumi na tisa. Huyu nilimwambia sijui. Alinitazama kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

Usije mwisho wa mwezi. Hakuna cha kuchapa.

Dada yako,
Rehemah


Busia, 27 Julai 2025

Kwa dada yangu mpendwa Rehemah,

Assalaam alaikum warahmatullahi. Baba hajambo? Wewe hujambo? Najua nimekaa kimya miezi miwili. Barua yako ilinichoma, na kusema kweli nilikuwa nimevimba. Kisha nikawa naona haya. Nisamehe.

Leo nina habari njema, na nataka uwe wa kwanza kuisikia. Nimepata mchumba. Usicheke. Anaitwa Nuriat. Anajaza hati za forodha za malori hapa mpakani, upande wa Uganda, na madereva wote wanamwogopa kwa sababu hapitishi hati yenye uongo hata kidogo. Badiru anamfahamu, muulize. Tulianza kwa kugombana. Nilimpelekea programu ya kujaza zile hati, akairudisha na makosa kumi na manne, ameyapanga kwa mstari, na chini ameandika, "Shukrani." Tangu siku ile nikawa natafuta sababu za kupita pale.

Ni mtu wa dini, Dada. Hata mkono hajanipa. Amelelewa na shangazi yake Malaba, kwa sababu mama yake alifariki akimzaa. Shangazi amekubali tuje. Nimewaza baada ya mavuno, Baba akipata nafuu, mje nyote wawili. Sijawahi kuona maisha yangu yamenyooka namna hii.

Niambie umefurahi.

Mdogo wako,
Swabur


Tororo, 29 Julai 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaikum. Baba mzima. Sijamwambia kitu.

Nimefurahi, kisha nikaacha kufurahi nilipofika kwenye mstari wa mama yake. Kaa chini unijibu haya. Alizaliwa mwaka gani? Alizaliwa Malaba, au hospitali ya Tororo? Mama yake alipofariki, kichanga kilinyonya kwa nani?

Ulipokuwa mdogo Mama alizaa mtoto baada yako, akafa siku ya tisa. Maziwa yake hayakukauka mwaka mzima. Katika mwaka ule peke yake aliandika watoto ishirini na wawili.

Kwenye faili kulikuwa na Nuriat. Nakumbuka kulikuwa na Nuriat wawili. Mmoja alikuwa na mara mbili, na mwingine zaidi. Nilichapa kama karani tu, Swabur, sikusoma kwa kukariri. Kwa nini ningekariri? Nilidhani limehifadhiwa.

Usiseme neno kwa watu wake bado. Nijibu.

Dada yako,
Rehemah


Busia, 11 Agosti 2025

Kwa Dada Rehemah,

Waalaikum salaam. Sina afya ya kukuandikia, lakini nisipoandika nitapasuka.

Alizaliwa mwaka 1998, hospitali ya Tororo. Mama yake alifariki siku ya pili. Shangazi anasema kichanga kilikaa wodini wiki moja kabla ya yeye kupata usafiri wa kumfuata, na kwamba mwanamke wa usafi, Mwislamu, "alimsaidia." Jina hajui. Alimsaidia mara ngapi hajui.

Nimejaribu kila njia. Nimebeba ile kompyuta yenu uliyompa Badiru nikaipeleka kwa fundi mjini, akaifungua siku nne. Akanirudishia picha za harusi za watu. Picha za biriani, Dada. Biriani imerudi. Faili la Mama halikurudi, juu yake pameandikwa vitu vingine tangu Mei, na niliyeviandika ni mimi na toleo langu jipya.

Nikawaandikia wanaoitengeneza ile programu ya kutunza matoleo. Nikawaeleza kwa adabu. Nikasema: kitu msichokijua mkichukulie kama mali ya mtu. Kama lazima kiondoke njiani, kihamishieni pembeni kikae hata siku thelathini, mtu apate kukitafuta. Au orodha ijitokeze yenyewe, isisubiri kuombwa na mtu mwenye haraka. Na pawe na alama ya mtu kusema: hili ni langu, usilitume, usiliguse. Zile alama zilizopo ni za kusema hili ni takataka lipuuze, na kuna amri kali zaidi inayozifagia hizo nazo. Mmoja wao akanijibu kwa mstari mmoja: programu ilifanya ulichoiambia ifanye. Wa pili akaniuliza kwa nini sikuwa na nakala.

Nilitaka kurusha simu ukutani. Halafu nikakumbuka nani alikuandikia maneno hayo hayo mwezi wa Mei, na nikakaa chini sakafuni.

Nimemwambia Nuriat. Sikuweza kumficha, usinigombeze. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hilo faili liko wapi?" Nikamwambia nilifuta mimi. Akachukua hati zake akarudi dirishani, madereva walikuwa wanangoja.

Jaribu kukumbuka, Dada. Nakuomba kwa jina la Mungu. Jaribu.

Mdogo wako,
Swabur


Tororo, 30 Agosti 2025

Mdogo wangu Swabur,

Assalaam alaikum. Baba anakuombea, sasa nimemwambia. Alilia kidogo, akasema Mama angejua la kufanya.

Nilijaribu. Usiku nafumba macho naona safu za majina kama zilivyokaa kwenye kioo, na nikifika kwenye namba hakuna kitu. Sitakudanganya nikakupa namba niliyoitunga. Ningeweza. Nilifikiria kukuambia mbili, ukaoa, ukafurahi. Kisha nikaona nimekuwa kama mashine yako, naamua juu ya kitu nisichokijua.

Kwa hiyo nilikwenda Kiyeyi kwa mama Alaso. Humkumbuki. Ni Mteso, alifanya usafi na Mama wodi ile ile, ni mtu wa kanisa, amezeeka lakini kichwa kizima. Nilimkuta anaanika mtama. Nikampa sukari na sabuni, nikamwambia shida yetu. Aliacha mtama, akakaa.

Anamkumbuka. Anakumbuka mama wa Nuriat alivyokuwa mrefu, anakumbuka blanketi ya mtoto ilikuwa ya kijani. Akaniambia hivi, naandika kama alivyosema: "Mama yenu nalimnyonyesha ule mtoto, mimi naona na macho yangu. Asubuhi nakuta yeye nampa. Lakini mimi nilikuwa na shifti ya asubuhi tu. Ya mchana na ya usiku sijui. Hiyo nilimwachia yeye na kitabu yake."

Nikamuuliza asubuhi ngapi. Akahesabu vidole. Tatu, akasema. Akatafakari. Tatu ana hakika.

Tatu hazitoshi kuharamisha, Swabur, na tano alikuwa na siku nzima na usiku mzima kuzifikia. Hapo ndipo ushahidi wote ulimwenguni unapoishia. Nilirudi nyumbani nina hasira mpaka nikashindwa kula. Mama alikaa amechoka, mtoto wake mwenyewe amezikwa juzi, anapachika alama kwenye daftari kwa kalamu ya risasi baada ya kila mtoto kushiba, ili miaka ishirini na saba baadaye wewe usiteseke. Alifanya kila kitu sawa. Sisi ndio aliotukabidhi.

Na mimi nimo. Nilichoma daftari bila kubisha kwa sababu niliambiwa kompyuta haisahau.

Nenda kwa sheikh wa hapo, umweleze yote bila kupunguza. Hukumu yake ndiyo itakuwa.

Dada yako anayekupenda,
Rehemah


Busia, 22 Septemba 2025

Kwa dada yangu Rehemah,

Assalaam alaikum. Natumaini mko wazima, na Baba anatembea. Mimi mwili mzima.

Nilikwenda kwa sheikh. Alinisikiliza saa nzima, akauliza habari za mama Alaso mara mbili. Kisha akasema sheria haiharamishi kwa shaka. Mara tatu zimejulikana, tano hazikujulikana, basi ndoa inajuzu. Akaongeza kwamba anayejiepusha na shaka amejikinga, lakini hatanilazimisha. Nilitoka pale nikitembea haraka, karibu nikimbie. Nilinunua nyama. Nilimpigia Nuriat, nikamwambia aje na shangazi yake Jumapili, nina habari.

Walikuja saa nne asubuhi. Shangazi aliketi karibu na mlango. Nikawasomea hukumu yote, nilikuwa nimeiandika nisikosee. Shangazi akasema Alhamdulillahi. Nuriat alinitazama kama anavyotazama hati za madereva.

Akaniuliza, "Lile faili lingekuwepo, na likasema tano, ungenioa?"

Nikamwambia hapana, Mungu apishe mbali.

"Likasema tatu?"

Nikasema ndiyo, bila wasiwasi.

"Kwa hiyo sasa unanioa kwa sababu limefutwa."

Nilianza kueleza, Dada. Nilisema sheikh amesema, nilisema shaka si hukumu, nilisema kitu kisichoandikwa popote hakiwezi kutuzuia. Nikajisikia mwenyewe nikisema maneno hayo. Akaniacha nimalize. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinitisha. Akasema mwanamke alimpa maziwa asubuhi tatu, pengine na usiku, wakati hana mtu duniani, na akaandika. "Yeye alijua. Kutojua kwetu hakubadilishi alichojua yeye."

Kisha akanyanyua mikono akafungua pini, akavua mtandio wake mbele yangu. Shangazi aliguna. Nuriat aliukunja mara mbili akauweka kwenye mapaja. Ana nywele fupi, amesuka mistari. Miezi yote ile sikuwahi kuziona, nilikuwa nikingoja siku ya kuziona. Nikainamisha uso.

"Tazama tu," akasema. "Hakuna ubaya. Una chai, kaka?"

Nikaenda kuchemsha chai. Nilikaa jikoni mpaka ikafurika jiko zima, na niliporudi alikuwa anamwonyesha shangazi picha ya Mama ukutani.

Ijumaa ijayo nitakuja naye Tororo. Ametaka mwenyewe. Anasema kwa sheria yetu, akiwa dada yangu wa kunyonya, anaweza kusafiri nami bila mtu wa tatu, na ameshaomba ruhusa kazini. Anataka kuliona kaburi la Mama. Mwandae Baba polepole, mwambie ana binti ambaye hajawahi kumwona, apendaye chai isiyo na tangawizi. Na utandike kitanda kwenye chumba chako, atalala na wewe.

Mdogo wako,
Swabur